Sauti! Sauti! Tulivyojiundia Kikuza Sauti

Kama umewahi kusimama jukwaani katika ukumbi wetu ukaanza kughani shairi, basi walijua vyema neno linalotoka viti vya nyuma hata kabla hujaumaliza ubeti wa kwanza. "Sauti! Sauti!" Wenye vifua vya simba hupaza zaidi wakaendelea. Sisi tuliojaliwa sauti za chini hutetemeka, tukasahau mshororo, tukashuka. Mwaka juzi rafiki yangu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ataudhika, alishuka vivyo hivyo. Shairi lilikuwa lake mwenyewe. Alilitunga kwa majuma matatu, mizani imetimia, vina vimekaa sawa. Aliufikia ubeti wa pili tu. Tangu siku hiyo akawa anakuja chamani, anaandika, lakini kusimama mbele ya watu, wapi! Mashairi yake akawa anawapa wengine wamghanie.

Vyombo vya sauti vya shule vipo, ndiyo, lakini hivyo ni vya siku ya wazazi na hufungiwa. Basi mimi na wenzangu wawili wa Kidato cha Tatu tukaulizana, kwani hiki kitu ni nini hasa hata kitushinde? Si fizikia tunasoma? Tukakata shauri tukiunde wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana hili ni jarida la Kiswahili na mlezi wa chama hatanisamehe nikilivuruga. Mtu akishika maikrofoni huiita kipaza sauti. Akiiona spika juu ya gari la matangazo, nayo ni kipaza sauti. Na lile sanduku la katikati lenye vidude vya kuzungusha, hilo nalo ati ni kipaza sauti. Vitu vitatu, jina moja! Hapa nitasema maikrofoni kwa ile unayoisemea, spika kwa ile inayotoa sauti, na kikuza sauti kwa lile sanduku la katikati. Hilo la katikati ndilo ninalolizungumzia.

Wengi hudhani kikuza sauti huichukua sauti ndogo kikaivuta mpaka ikawa kubwa, kama unavyovuta mpira wa manati. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe sivyo. Chukua mfano wa tangi la maji lililo juu ya mnara, lita elfu kumi ndani. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kubeba hata ndoo moja, lakini aweza kuufungua mfereji wa tangi hilo kwa vidole viwili. Akiufungua kidogo, maji yanatoka kidogo. Akiufungua sana, yanabubujika. Akiuchezesha kwa mdundo, maji nayo yanatoka kwa mdundo ule ule. Nguvu ya maji haikutoka kwa mtoto, ilikuwa tangini tangu hapo. Mtoto ametoa umbo tu.

Sasa weka betri mahali pa tangi, transista mahali pa mfereji, na umeme mdogo wa maikrofoni mahali pa kile kimkono cha mtoto. Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme hafifu sana, sehemu chache za elfu moja za volti. Umeme huo hauwezi kusukuma spika hata kidogo. Kazi yake ni kuufungua na kuufunga mfereji, na mkondo mkubwa wa betri ndio unaoisukuma spika. Kwa hiyo mtu anaposema mbele ya kikuza sauti, unachokisikia huko nyuma si nguvu ya kifua chake. Ni nguvu ya betri iliyovalishwa umbo la sauti yake. Nilipomweleza rafiki yangu jambo hili alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hivyo hata mtu akinong'ona?" Nikamjibu, hata akinong'ona, bora umbo lenyewe lifike.

Mfano huo wa mfereji unaeleza pia kwa nini vyombo vingine hukwaruza vikiongezwa sana. Mfereji ukishafunguka wote, hata uuzungushe kwa nguvu za Fumo Liyongo, maji hayaongezeki. Betri ya volti 9 haiwezi kutoa zaidi ya volti 9. Vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa vikawa bapa, na sikio linayasikia makato hayo kama sauti iliyopasuka.

Mfereji wa kwanza wa aina hii ulikuwa taa ya kioo iliyobuniwa na Lee de Forest huko Marekani mwaka wa 1906. Transista yenyewe ilianza kufanya kazi Desemba 1947 katika maabara ya Bell, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain, na mwaka wa 1956 wakatuzwa Nobeli pamoja na William Shockley. Lakini aliyenivutia mimi ni mhandisi wa maabara hayo hayo, Harold Black. Vikuza sauti vya simu za masafa marefu vilikuwa vikiharibu sauti, na kila kimoja njiani kiliongeza uharibifu wake. Asubuhi moja ya Agosti 1927 Black alikuwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini New York, wazo likamjia, akalichora papo hapo juu ya gazeti alilokuwa nalo. Wazo ni hili: chukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, irudishe mwanzoni, ilinganishwe na ile iliyoingia. Palipozidi papunguzwe, palipopungua paongezwe. Ukuzaji unapungua, lakini sauti inakuwa safi. Ni kama mwanakwaya anayeziba sikio moja kwa kiganja ili ajisikie na kujirekebisha. Shika hapo, maana tutalirudia.

Haya, tuje kwenye kazi. Hatukuanza na ukumbi. Tulianza na chipu moja ndogo iitwayo LM386, ambayo fundi wa redio wa sokoni alituuzia. Ukiwa Nairobi utazipata kwa urahisi katika maduka ya Luthuli Avenue. Ni nyeusi, yatosha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, ina miguu minane, na ndani yake mna transista kadhaa zilizokwisha kupangwa. Inakula umeme kidogo mno, miliampia 4 hivi ikiwa imetulia, kwa hiyo betri ile ya mraba ya volti 9 inaiendesha vizuri.

Miguu huhesabiwa kwa utaratibu, na hapa ndipo wengi huangukia pua. Itazame chipu kutoka juu, ile nukta au kibonyeo kikiwa upande wa mbele. Anza kushoto mwa kibonyeo, shuka: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Vuka upande wa pili chini kule kule, kisha panda: wa tano, sita, saba, nane. Mguu wa 6 unakwenda chanya ya betri. Wa 4 na wa 2 zinakwenda hasi. Wa 3 ndio unaopokea umeme mdogo wa sauti, ukipitia kwanza kwenye kidude cha volyumu cha omu 10,000. Wa 5 ndio mlango wa kutokea.

Lakini usiunganishe spika moja kwa moja kwenye mguu wa 5! Mguu huo ukiwa umetulia tu hukaa kwenye nusu ya volti za betri, yaani 4.5 hivi, na umeme huo wa kusimama ukiingia kwenye spika utaisukuma upande mmoja na kuipasha moto bure. Ndiyo maana huwekwa kapasita ya maikrofaradi 220 katikati. Kapasita hukubali umeme unaochezacheza, yaani sauti, na hukataa umeme uliosimama. Kando yake, kutoka mguu huo wa 5 hadi hasi, weka rezista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.05. Sisi tuliona viwili hivyo ni mapambo tukaviacha. Chipu ikaanza kutetemeka yenyewe kwa mlio ambao hatukuusikia, ila tuliigusa tukaikuta ya moto na betri imekwisha kwa siku moja. Tukavirudisha. Halafu kapasita nyingine ya maikrofaradi 100 iunganishwe kati ya chanya na hasi karibu na chipu, iwe kama pipa la akiba sauti kubwa inapohitaji maji ya ghafla.

Sasa lile wazo la feri. Ndani ya LM386 mna rezista zinazoirudisha sauti mwanzoni kama alivyoeleza Black, na kwa jinsi zilivyopangwa sauti hukuzwa mara 20. Ukiunganisha kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, unairuka rezista moja ya humo ndani, sauti inayorudishwa inapungua, na ukuzaji unapanda hadi mara 200. Kapasita moja tu! Milivolti 5 za maikrofoni zinakuwa volti nzima. Ile siku tuliyoiunganisha tulisikia hadi saa ya mkononi ikitembea.

Maikrofoni tuliitoa kwenye redio ya kaseti iliyokuwa imekufa zamani. Ni kile kikopo kidogo mfano wa kifungo cha shati. Nayo huhitaji umeme wake kidogo, kwa hiyo ilishwe kutoka chanya kupitia rezista ya omu 10,000, kisha sauti yake itolewe kupitia kapasita ndogo. Ule upande wake ulioshikana na ganda la bati ndio hasi.

Usidhani mambo yalikwenda hivi kama maji mtoni. Chipu ya kwanza niliiua mimi kwa mkono wangu. Nilikuwa na haraka, nikagusisha betri kinyume, chanya kwa hasi. Ilipita sekunde kidogo tu, nikasikia harufu, nikaishika, kidole kikaungua. Nilipompelekea fundi wa sokoni akaicheka sana. "Kijana," akasema, "moshi ukishatoka humo ndani haurudi." Akaniuzia nyingine, na akanifundisha kuweka kwenye waya wa chanya dayodi moja, ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu. Tangu hapo betri ikigeuzwa, hakuna linalotokea.

Kisa cha pili kilitutia hofu zaidi. Tuliongeza waya wa maikrofoni ukawa kama mita tano, tukawasha, na badala ya kusikia sauti zetu tukasikia mtu akihubiri! Mmoja wetu alitaka kukimbia. Kumbe waya mrefu usiofunikwa ni antena kamili, ukiongezea mngurumo wa "mmmmm" unaotoka kwenye nyaya za ukutani, kwa kuwa umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa kila sekunde. Dawa yake ni waya uliovikwa wavu. Tulitumia ule wa antena ya televisheni: waya wa ndani unabeba sauti, wavu wa nje unaunganishwa hasi, na uchafu wote wa hewani unaishia kwenye wavu. Mhubiri akatoweka.

Na spika je? Spika ikiwa uchi juu ya meza hutoa sauti ya nyembenyembe kama redio ya mfukoni. Tulidhani kikuza sauti chetu ni kibovu. Ukweli ni kwamba karatasi ya spika ikisukuma hewa ya mbele, inavuta ya nyuma wakati huo huo, na hewa hizo zikikutana pembeni zinafutana, hasa sauti nzito. Tukaiweka spika kwenye sanduku la mbao lililofungwa nyuma, tundu likiwa sawa na mdomo wake. Wallahi, hatukubadilisha kitu kingine chochote, lakini ilikuwa kama mtu amebaleghe usiku mmoja.

LM386 ikitumia betri ya volti 9 hutoa kama nusu wati. Darasa linajaa vizuri. Ukumbi wenye wanafunzi ni habari nyingine, kwani sikio letu lina tabia ya ajabu: ili lione sauti imekuwa maradufu, nguvu yahitaji kuongezwa kama mara kumi. Nusu wati ikiwa wati tano, msikilizaji anasema tu, "Aa, imeongezeka maradufu." Basi tukanunua chipu nyingine, TDA2003, iliyotengenezwa kwa ajili ya redio za gari. Hii ina miguu mitano na mgongo wa bati. Kwa volti 14.4 na mzigo wa omu 2 hutoa wati 10. Sisi tuliiendesha kwa betri ya gari ya volti 12, kwa hiyo tulipata pungufu ya hapo, lakini pungufu ya kutosha. Mgongo wake umeunganishwa na hasi kwa ndani, kwa hiyo tuliifunga kwa skrubu kwenye bamba la alumini bila wasiwasi, nalo bamba likawa linanyonya joto. Bila bamba hilo utaichoma kwa shairi moja. Ukuzaji wake unapangwa na rezista mbili za nje, ya omu 220 na ya omu 2.2. Gawanya ya kwanza kwa ya pili uone: mara 100. Black tena.

LM386 hatukuitupa. Tuliitoa ile kapasita ya miguu ya 1 na 8 ili ikuze mara 20 tu, tukaiweka mbele iipokee maikrofoni, na kidude cha volyumu tukakihamishia kati ya chipu zote mbili. Tuliiachia betri yake ya volti 9, kwa kuwa aina tuliyokuwa nayo haifai kupewa zaidi ya volti 12 na betri ya gari iliyojaa huzidi hapo. Hasi za betri zote mbili ziliunganishwa pamoja. Spika zilikuwa mbili za gari, za omu 4 kila moja. Zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2.

Sasa onyo, na hapa sitanii. Hatukugusa umeme wa ukutani hata mara moja. Volti 240 huua, na hata kifaa kikishachomolewa, kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme unaoweza kukurusha. Kama hujafundishwa na mtu anayejua, fuata betri. Na betri ya gari nayo si ya mchezo. Volti zake ni chache lakini waya wa chanya ukigusa wa hasi, waya huiva mwekundu na kuwasha moto. Tuliweka fyuzi ya ampia 3 karibu kabisa na betri. Pia angalia alama ya hasi kwenye kapasita kubwa kabla hujalehemu, kwa maana ikiwekwa kinyume hufura na kupasuka usoni mwako.

Siku tuliyoilenga ilikuwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotengwa na UNESCO mwaka wa 2021. Betri ya gari alituazima mwalimu wetu wa fizikia, akaifungua mwenyewe kwa spana na kutuambia, "Nikilala hapa leo, ni juu yenu." Asubuhi tulipojaribu, ukumbi ulijaa yowe la kutoboa masikio. Nalo lina sababu yake: sauti ya spika inaingia kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka, inaingia tena, inakuzwa tena, bila mwisho. Tukazisogeza spika mbele ya jukwaa, zikiitazama hadhira na kuipa maikrofoni kisogo, tukazipandisha juu ya makabati ili sauti ipite juu ya vichwa, kwani miili ya watu hunywa sauti. Yowe likakoma.

Rafiki yangu hakuwa kwenye orodha. Alikuwa ameketi nasi pembeni, akishika waya. Mghani wa tatu alipochelewa kufika, mlezi wa chama akamtazama yeye, kwa kuwa shairi lilikuwa lake. Akapanda. Kutoka nyuma mtu fulani, kwa mazoea tu, akaanza, "Sau..." Rafiki yangu akaikaribia maikrofoni na kuanza kwa sauti yake ile ile ya chini, haikuongezeka hata chembe, na ukumbi mzima ukamsikia akivuta pumzi kati ya mishororo. Alimaliza beti zote nane. Katika ubeti wa tano mtu wa viti vya nyuma alipiga ukelele, "Punguzeni kidogo huko mbele!" Nikapunguza.

Mwalimu alipata betri yake salama, na gari likawaka, ila baada ya kusukumwa. Kikuza sauti chenyewe kimo katika kabati la chama, rafu ya chini. Kidude cha volyumu kimeanza kukwaruza na chahitaji kubadilishwa. Anayetaka kujaribu na aje maabara ya fizikia Ijumaa baada ya masomo, akiwa na redio yoyote mbovu ya nyumbani kwao, lakini aombe ruhusa kwa wazazi kabla hajaifungua. Mwenzetu mmoja hakuomba, na redio haikuwa mbovu.